Fidla Mbili, Viola na Selo: Namna ya Kusikiliza Kwateti za Kimarekani Ukiwa Mbalizi

Tarehe 23 Oktoba 1970, katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, wapigaji wanne wa Stanley Quartet walipiga kwa mara ya kwanza kazi ya George Crumb iitwayo Black Angels. Zilikuwa fidla mbili, viola na selo, zote zikiwa zimeunganishwa na vikuza sauti vya umeme. Katika kazi hiyo wapigaji hawaishii kwenye nyuzi. Wanatikisa manyanga, wanagonga gongo, wananong'ona, wanapaza sauti na kuhesabu kwa lugha mbalimbali: Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihungari, Kijapani, na Kiswahili.

Huwa nawakumbusha jambo hili wanakwaya wenzangu wa hapa Mbalizi, mkoani Mbeya, wanaposema muziki wa namna hii una wenyewe na sisi si wenyewe. Lugha yetu imo ndani yake tangu zaidi ya miaka 50 iliyopita. Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa zaidi. Mtu aliyekulia kwenye kwaya ya sauti nne, kuanzia Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 hadi makanisa yote yaliyojaa leo kati ya Iyunga na Songwe, ana sikio ambalo wasikilizaji wengi wa mijini hulitafuta kwa shida. Amezoea kuimba sauti yake huku akizisikia tatu za wenzake. Kwateti ya nyuzi inadai hilo hilo. Fidla ya kwanza ipo mahali pa soprano, fidla ya pili mahali pa alto, viola mahali pa tena, na selo mahali pa besi. Hakuna mwalimu anayesimama mbele kupunga mikono. Wanne hao wanaongozana wenyewe, kwa macho na kwa pumzi.

Kwa hiyo kilichobaki ni vifaa, mpangilio na subira. Nianze na vifaa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama bila kujua.

Usisikilize kwateti kwa spika ya simu iliyolazwa mezani. Spika hiyo inazichanganya sauti zote nne mahali pamoja, na sauti za chini za selo zinapotea kabisa. Spika ndogo za bluetooth nazo nyingi hutoa upande mmoja tu. Tafuta hedifoni ya waya, hata ile ya bei ndogo pale sokoni, lakini hakikisha masikio yote mawili yanafanya kazi: vaa, chomoa kushoto usikilize kulia, kisha geuza. Halafu angalia herufi L na R ili kila moja iingie sikio lake. Katika rekodi nyingi utaikuta fidla ya kwanza kushoto, na selo au viola kulia. Ukivaa kinyume hutaharibu muziki, ila maelekezo nitakayotoa hapa chini yatakuchanganya.

Kama una sabufa nyumbani, itafaa kwa kusikiliza na familia, lakini shusha kitufe cha besi hadi chini kabisa. Sabufa nyingi zimeandaliwa kwa ajili ya ngoma nzito za bongofleva na singeli. Ukiiacha kama ilivyo, selo itavimba na kuimeza viola, na viola ndiyo inayobeba mambo mengi ya siri katika muziki huu. Kwenye simu pia zima ile mipangilio ya kuongeza besi, na ile ya kusawazisha sauti. Watunzi wa muziki huu wanatumia tofauti ya sauti ndogo na kubwa kama sehemu ya maana. Programu inayozilinganisha zote inafuta kazi yao.

Zima pia uchezaji wa kuchanganya nyimbo. Kwateti huwa na sehemu tatu, nne au zaidi, na zinafuatana kwa sababu.

Jambo la bando linatisha kuliko lilivyo. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu megabaiti 1 kwa dakika, hivyo kazi ya dakika 25 ni kama megabaiti 24 au 25. Video ndiyo inayokula sana. Kwenye YouTube rekodi nyingi za muziki huu huonyesha picha ya jalada tu, isiyosogea, kwa hiyo punguza ubora wa picha hadi mwisho. Ukiwa na Spotify au programu nyingine ya kulipia, pakua ukiwa kwenye Wi-Fi kisha usikilize nyumbani bila mtandao. Hapo matangazo hayatakukatizia sehemu ya polepole katikati.

Ukitafuta, usiandike "String Quartet No. 1" peke yake, maana watunzi wengi sana wana kazi yenye jina hilo. Andika jina la mtunzi na jina la kundi: Ives Juilliard, Carter Pacifica, Crumb Kronos. Kisha fungua maelezo yaliyo chini ya rekodi usome wapigaji ni akina nani na kampuni ipi iliyotoa. Mwaka ulioandikwa hapo mara nyingi ni wa kutolewa upya, si wa kurekodiwa. Ukikuta rekodi isiyotaja wapigaji, iache.

Saa ya kusikiliza nayo ichaguliwe. Barabara ya Tunduma haina usiku, malori yanapita muda wote, lakini kuanzia saa nne usiku watu wametulia na redio za majirani zimezimwa. Mvua za Novemba hadi Aprili zikianza kupiga bati, ahirisha. Miezi ya Juni na Julai, baridi ikiwa imewafungia watu ndani, ndiyo msimu mzuri kuliko yote.

Sasa muziki wenyewe. Kosa linalowakimbiza watu ni kuanza na kazi ngumu kwa kuwa ndiyo iliyosifiwa. Anza na Samuel Barber. Mwaka 1936, akiwa na miaka 26, aliandika kwateti ambayo sehemu yake ya pili ilikuja kupanuliwa kwa okestra ya nyuzi na kuwa maarufu duniani kwa jina la Adagio for Strings. Wewe sikiliza ile ya watu wanne. Fidla ya kwanza inaanza na mahadhi marefu yanayopanda taratibu, viola inayapokea, kisha selo. Mara ya kwanza fanya kazi moja tu: kila mahadhi yanapohama, jiambie yamekwenda kwa nani. Utafika mahali ambapo wote wanne wamepanda juu sana, kisha kimya. Usikimbilie kugusa simu. Kimya hicho kimeandikwa.

Kutoka hapo nenda kwa Charles Ives, na nitakaa naye kidogo kwa sababu naamini ni ndugu wa wanakwaya. Alipiga kinanda kanisani tangu ujana wake, na kwateti yake ya kwanza, iliyoanza kuandikwa akiwa mwanafunzi wa Yale miaka ya 1890, imejengwa kwa sauti za nyimbo za kiinjili. Inaitwa pia From the Salvation Army. Sehemu ya kwanza inachukua sauti ya wimbo wa kimisionari wa Lowell Mason na kuifanya iingie kwa zamu: mpigaji mmoja anaianza, wa pili anaingia na ile ile wakati wa kwanza anaendelea, kisha wa tatu, kisha wa nne. Mwalimu wa kwaya aliyewahi kufundisha wimbo wa kufukuzana ataelewa papo hapo.

Kwateti ya pili ya Ives, aliyoikamilisha kufikia mwaka 1913, ni jambo jingine. Mwenyewe alieleza kwamba ni wanaume wanne wanaozungumza, wanabishana, wanapeana mikono, kisha wanapanda mlimani kuitazama anga. Sehemu zake tatu zinafuata hivyo hivyo: mazungumzo, mabishano, mwito wa milima. Mara ya kwanza utasikia fujo. Kwa hiyo fuata mtu mmoja. Katika mabishano, fuata fidla ya pili. Ives aliipa jina la Rollo, bwana mpole anayependa muziki wa adabu wa zamani. Kila anapojaribu kuingiza kipande chake kitamu, wenzake wanamkatiza. Ukishampata Rollo, hata wale watatu wanaomzomea utawatambua. Sehemu ya tatu isikilize jioni, pale Mlima Loleza au Kilele cha Mbeya kinapoonekana bado, na usiisikilize ukiwa na kazi nyingine mkononi. Makundi ya Juilliard na Emerson yote yamezirekodi kwateti hizi mbili. Emerson wameziweka pamoja na ya Barber, hivyo albamu moja inakutosha kwa mwezi mzima.

Njia niliyoitaja, ya kumfuata mmoja, ndiyo mbinu kuu na inafanya kazi vizuri zaidi mkiwa wanne au zaidi. Baada ya mazoezi ya Jumamosi, wakalishe wanakwaya na sabufa iliyopunguzwa besi. Soprano wafuate fidla ya kwanza peke yake, alto ya pili, tena viola, besi selo. Cheza sehemu moja isiyozidi dakika kumi. Kisha kila kundi lisimulie sauti yake ilifanya nini: ilinyamaza wapi, ilimjibu nani, ilipiga kwa upinde au kwa kudonoa nyuzi kwa vidole. Tena ndio watakaokuwa na habari nyingi kuliko walivyotarajia. Kisha cheza tena, safari hii kila mtu asikilize wote.

Kwa zoezi hilo hakuna kazi bora kuliko kwateti ya Ruth Crawford, baadaye Ruth Crawford Seeger, ya mwaka 1931. Yote haizidi dakika kama kumi na mbili. Katika sehemu ya tatu karibu hakuna mahadhi. Kila mpigaji anashika noti ndefu, anaikuza kisha anaipunguza, lakini si kwa wakati mmoja na wenzake, hivyo sauti inavimba hapa na kunywea pale. Sehemu ya nne ni ya kuhesabu kwa vidole: fidla ya kwanza inapiga noti moja, kisha mbili, kisha tatu, ikizidi kuongeza. Wale wengine watatu, wakiwa pamoja, wanamjibu kwa noti ishirini, kisha wanapunguza moja moja. Mmoja anazidi kupata maneno, wengine wanazidi kuyakosa. Katikati mambo yote yanageuka na kurudi yalikotoka. Crawford alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa ufadhili wa Guggenheim kwa utunzi wa muziki, mwaka 1930, na kazi hii aliiandika wakati huo. Ninasikitika kila ninapoona orodha za kwateti za Kimarekani zinazomruka.

Sisi tunaoishi jirani na reli ya TAZARA tuna kazi yetu pia. Steve Reich, aliyekwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma, aliandika Different Trains mwaka 1988 kwa ajili ya Kronos Quartet. Utotoni, kati ya 1939 na 1942, alisafiri mara nyingi kwa treni kati ya New York na Los Angeles, kwa sababu wazazi wake walikuwa wametengana. Akiwa mtu mzima alifikiri kwamba, kama angekuwa Ulaya miaka ile, akiwa mtoto wa Kiyahudi, angepandishwa treni nyingine. Basi akachukua sauti zilizorekodiwa: za yaya wake, za mzee mstaafu aliyehudumu kwenye mabehewa, na za manusura wa mauaji ya Wayahudi. Akasikiliza jinsi maneno yao yanavyopanda na kushuka, kisha akawapa wapigaji mpando na mshuko ule ule.

Ufunguo wa kuisikiliza ni huu: mwanamke akizungumza, viola ndiyo inayomfuata. Mwanamume akizungumza, ni selo. Huhitaji kuelewa Kiingereza chote. Sikiliza honi za treni pia. Katika sehemu ya kwanza, ya Marekani kabla ya vita, ni ndefu na zimetulia. Katika ya pili, ya Ulaya wakati wa vita, zimekuwa fupi na kali, na ving'ora vimeingia. Ni dakika 27 hivi. Watoto wadogo wasiwepo kwenye sehemu ya pili kama wanaelewa Kiingereza.

Ukifika hapa, rudi kwa Crumb. Rekodi ya Kronos ya mwaka 1990 ndiyo ninayopendekeza. David Harrington aliisikia Black Angels redioni mwaka 1973 na ndiyo iliyomfanya aanzishe kundi hilo, kwa hiyo wanaipiga kama watu wenye deni nayo. Kabla ya kuanza shusha sauti ya simu hadi nusu, maana inafunguka kwa kishindo: wadudu wa umeme, kwa maneno ya mtunzi, na nyuma yao helikopta za vita ya Vietnam zinakumbukwa na wengi. Kazi ina vipande 13, na cha 7 ndicho kilicho katikati. Namba hizo mbili zimesukwa ndani ya kila kitu, na ndiyo sababu ya kuhesabu. Shika kalamu. Kila unaposikia sauti ya binadamu, andika dakika na sekunde na lugha unayodhani umeisikia. Kiswahili usikitarajie kwa matamshi ya Unguja. Hao ni wapiga fidla wa California, na mara nyingine ni mnong'ono. Sitakuambia kipo wapi. Kukitafuta mwenyewe kutakufanya usikilize kazi nzima kwa makini kuliko maelezo yoyote.

Majina ya vipande yasikutie hofu. Kimoja kinaitwa Devil-music na kingine God-music, na Crumb alikusudia safari ya roho inayoanguka na kurudi. Katika God-music wapigaji watatu wanasugua kingo za glasi zenye maji kwa upinde, na selo inaimba juu yao peke yake. Nimewahi kuwachezea wazee wa kanisa kipande hicho bila kutaja jina, na wakaomba kirudiwe.

Elliott Carter mweke baadaye. Ana kwateti tano, mbili kati yake zilipata tuzo ya Pulitzer, na Pacifica Quartet wamezirekodi zote. Ugumu wake ni wa kweli, ila ya tatu, ya mwaka 1971, ina mlango ulio wazi kwa mwenye hedifoni nzuri. Carter aliwagawa wanne kuwa jozi mbili na kutaka wakae mbalimbali kadiri inavyowezekana. Fidla ya kwanza na selo wanapiga kwa uhuru, wakivuta na kulegeza mapigo. Fidla ya pili na viola wanashika mapigo bila kuyumba. Katika rekodi jozi moja imewekwa kushoto na nyingine kulia. Basi chomoa sikio moja: sikiliza dakika tano za jozi hii peke yake. Geuza, sikiliza dakika zile zile za jozi ile. Kisha vaa yote mawili. Kwa spika ya simu kazi hii haisikiki kabisa, na nadhani wengi wanaoikataa wameisikia hivyo.

Katikati ya yote hayo jipatie pumziko la nyumbani. Kronos walitoa Pieces of Africa mwaka 1992, na humo yumo Justinian Tamusuza wa Uganda, aliyefundisha Makerere na kupata shahada ya udaktari Northwestern, jimbo la Illinois. Kipande chake, Ekitundu Ekisooka, ni sehemu ya kwanza ya kwateti iliyobeba mapigo ya Kiganda. Mwenye masikio ya ngoma atapata pa kushika tangu mwanzo: usitafute mahadhi, tafuta mapigo mawili yanayopishana, upige moja kwa mguu na jingine kwa kidole. Ukimaliza, tafuta rekodi alizofanya Hugh Tracey Tanganyika mwaka 1950, zilizotolewa tena kwa jina la Tanzania Instruments, usikilize ala za nyuzi za nchi hii kwa mbinu zile zile. Ligombo la Wahehe wa Iringa, ala ya nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochongwa, linastahili hedifoni na kimya sawasawa na selo.

Kwa wale waliovutiwa hadi kutaka kushika ala, Kronos wana mradi uitwao 50 for the Future: kazi 50 mpya za watunzi wa nchi nyingi, zilizoandikwa kwa ajili ya wanafunzi, na nota zake zinapakuliwa bure pamoja na rekodi. Hata bila fidla, zichapishe ufuate kwa kidole huku ukisikiliza. Waliozoea solfa wataona ugumu mwanzoni. Anza na mstari wa chini kabisa, wa selo, ambao unatumia ufunguo wa besi unaoonekana kwenye vitabu vya nyimbo vya kanisani, kisha mstari wa juu wa fidla ya kwanza. Viola inatumia ufunguo wake wenyewe, ambao do ya kati ipo kwenye mstari wa tatu. Uache huo uwe wa mwisho.